Tangu tuanze kuandika maombi ya ufadhili kwa AI, mbona tunakataliwa zaidi?

#1 MamaMukuru
Wadau, hamjambo. Swali ni kwa wanaoandika maombi ya ufadhili hapa Nairobi, hasa mashirika madogo kama letu. Kikundi chetu kinafanya kazi ya maji na usafi Mukuru kwa Njenga. Zamani tulikuwa tukiandika maombi machache kwa mwaka, mimi na katibu tumejifungia saiba hadi mwenyewe atufukuze, na mara moja moja tunabahatika.

Siku hizi tunatumia ChatGPT. Kiingereza kimenyooka, jedwali la malengo na viashiria linajaa kabla chai haijapoa, na tunatuma maombi mengi kuliko zamani. Majibu sasa: tunasikitika, tunasikitika, tunasikitika. Mfadhili wa mwisho aliongeza kwamba andiko "halina sauti ya jamii" na linaonekana limeandikwa na mashine. Kwani wana chombo cha kupima? Ama shida iko kwingine? Na nyinyi mkitumia AI, mnasema au mnanyamaza?

#2 Kalamu_Kavu
Vyombo vya kupima vipo, kuaminika ndiyo shida. OpenAI, hao hao wenye ChatGPT, walitoa chao Januari 2023, na Julai wakakifunga kwa sababu kilikuwa kikikosea mno. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha za TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine, na zote ziliandikwa na binadamu. Mtu akikuambia "hii ni mashine", muulize amejuaje.

#3 Mhasibu_Rongai
Mnazunguka mbuyu. Pesa hakuna. Trump aliifunga USAID, lile shirika la misaada la Marekani, Januari 2025, na mashirika makubwa ambayo hayakuwa na habari na ruzuku ndogo ndogo sasa yako kwenye foleni moja na kikundi cha Mama. Hata angeandika kwa wino wa dhahabu.

#4 Dada_Dandora
Mhasibu, rekebisha hapo. Tarehe 20 Januari ilikuwa amri ya kusimamisha misaada kwa siku 90 ili ikaguliwe. Machi ndipo Rubio, waziri wake wa mambo ya nje, akatangaza kwamba 83% ya programu za USAID zimefutwa, na kazi iliyobaki ikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani tarehe 1 Julai. Naikumbuka kalenda hiyo vizuri kwa sababu mkataba wangu wa kazi ulikatwa katikati yake.

Hoja yako nakubali nusu. Mama hakukataliwa tu, ameambiwa andiko halina sauti. Hilo si la Trump.

#5 Mhasibu_Rongai
Pole sana dada. Tarehe nimekubali, hoja sijaiachilia. Pesa ikipungua, mfadhili hutafuta sababu yoyote ya kukutoa. Leo ni "sauti", kesho itakuwa ukubwa wa maandishi.

#6 Kasuku_Kayole
Mama, andiko lenu lina neno "jumuishi" mara ngapi? Usihesabu, utalia.

#7 Msomaji_wa_Jopo
Nimewahi kukaa kwenye majopo ya kusoma maombi. Hatukuwa na kipimo cha AI. Tulikuwa na kompyuta, karatasi ya alama na chai ya maziwa.

Sasa chukulia umesoma andiko la Turkana, la Kwale na la Kawangware siku moja. Kwenye yote matatu, kipengele cha uendelevu kinasema mradi utaendelea baada ya ufadhili kupitia umiliki wa jamii, kamati za usimamizi zilizopewa mafunzo, na ushirikiano wa karibu na serikali ya kaunti. Maneno yale yale, mpangilio ule ule. Hujui nani kamuiga nani, na huenda hakuna aliyeiga. Nilikuwa nawapa wote mbili kwa tano na kusonga mbele.

Lile la Kwale lakini lilikuwa na kiambatisho: kumbukumbu za mkutano zilizopigwa picha kwa simu, mwandiko wa mkono, kina mama wanagombania nani atashika ufunguo wa kioski cha maji. Mmoja amesema ufunguo usilale kwa mwenyekiti kwa sababu mumewe anauza maji. Uendelevu ulikuwa hapo, mtupu, na mwandishi hakuutaja hata kwa sentensi moja kwenye andiko lenyewe. Nadhani alimpa ChatGPT kichwa cha mradi tu, kumbukumbu akazibandika mwisho kwa sababu fomu ilizitaka.

#8 Fundi_Maandiko
Msomaji, kipengele hicho kina umri kuliko AI. Mimi ni mshauri, nimeandikia mashirika maombi miaka mingi, na aya hiyo imekuwa ikinakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta tangu enzi za disketi. Lile jedwali la mantiki tunalojaza, la malengo na viashiria, lilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, na tangu hapo kila mtu anajaza visanduku vile vile. Mfadhili anatoa fomu yenye maswali yale yale, herufi 1,500 kwa kila jibu, halafu anashangaa majibu kufanana? Mashine imesoma maandiko yetu ikatuiga. Lawama ianzie kwenye fomu.

#9 Kasuku_Kayole
Mshauri analia, soko limekufa.

#10 Fundi_Maandiko
Halijafa, limegeuka. Siku hizi mtu ananiletea andiko la ChatGPT anataka "nilipige pasi" kwa elfu tano. Kulipiga pasi ni kuandika upya, ila bei ndiyo imeshuka.

#11 Mwalimu_Mstaafu
Shule nayo ina mkono hapa. Nilifundisha insha tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ianze 1985, na nimeishi kuuona mtihani wa mwisho 2023. Dakika 40, alama 40. Mtoto alisifiwa kwa kufungua na tamko zito, kuunganisha aya kwa "aidha" na "fauka ya hayo", na kufunga kwa kurudia aliyoyasema. Kiingereza vivyo hivyo. Matokeo yake ni watu wazima wanaoandika rasmi hata ujumbe wa kuomba ruhusa ya kwenda mazishini. Msomaji wa Ulaya akikuta mtindo huo leo anaona roboti. Mimi naona darasa la nane.

#12 Kijana_Githurai
Mwalimu umenena. Na si hiyo mashine ilifundishwa hapa hapa Nairobi? Jarida la Time liliripoti Januari 2023 kwamba vijana wetu walifanyia OpenAI kazi kwa chini ya dola 2 kwa saa. Wametufundishia Kiingereza chetu, sasa tunaambiwa tumeiba.

#13 Kalamu_Kavu
Hapana Kijana, hiyo umeichanganya. Kazi iliyoripotiwa ilikuwa kusoma maandishi machafu, ya ukatili na ya unyanyasaji wa watoto, na kuyawekea alama ili kichujio kijue cha kuzuia. Waliofanya kazi hiyo walisema iliwaumiza akili. Usiigeuze kuwa darasa la insha.

#14 Kijana_Githurai
Nimesikia. Lakini malipo yalikuwa hayo hayo.

#15 Bin_Kisauni
Salamu kutoka Pwani. Nawasoma tu. Watu wa Nairobi, kabla Kiingereza chenu hakijapelekwa kwa mashine, hicho Kiswahili mngekileta Kisauni kwanza kikaogeshwa.

#16 MamaMukuru
Bin Kisauni, karibu, ila ukija uje na ndoo ya maji. 😂

#17 Takwimu_Tu
Tuache kukisia. Mama, weka hapa aya ya utangulizi tuione. Toa jina la kikundi.

#18 MamaMukuru
Haya, nimeigeuza Kiswahili:

"Wakazi wa Mukuru kwa Njenga wanakabiliwa na changamoto nyingi za upatikanaji wa maji safi na salama. Nchini Kenya, 26% ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hali inayohusishwa kwa karibu na maji machafu. Mradi huu bunifu na jumuishi utawawezesha wanawake na vijana kuwa mstari wa mbele katika kuleta mabadiliko endelevu. Kikundi chetu, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Uratibu wa NGO ya 1990, kina uzoefu wa kipekee…"

#19 Takwimu_Tu
Asante. Hiyo 26% ni ya utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014. Ule wa 2022 ulipata 18%. Mfadhili anayejua lishe anaisoma hiyo namba na kufunga faili, hana haja ya kipimo cha AI.

Kwa nini mashine inarudi 2014? Kwa sababu inakisia maneno yanayofuata kutokana na yale iliyokutana nayo kwa wingi, na 26% imenukuliwa kwenye ripoti nyingi kwa miaka mingi. Kibera ni hivyo hivyo. Utaandikiwa ina watu milioni moja na zaidi, kwa sababu dunia nzima imeandika hivyo. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, na ya 2019 ikapata 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra.

#20 Kijana_Githurai
Sensa nayo usiiabudu. Mimi nimekaa Laini Saba, usiku wa kuhesabiwa nusu ya ploti yetu haikuwepo.

#21 Takwimu_Tu
Ongeza hiyo nusu, mara mbili ukitaka. Milioni bado hufiki.

#22 Dada_Dandora
Sheria pia imepitwa. Ile ya 1990 ilikufa tarehe 14 Mei 2024, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipoanza kutumika. Hiyo mpya ilipitishwa 2013 ikakaa kabatini zaidi ya miaka kumi, ndiyo maana mashine haijui ni ipi iko hai.

#23 Fundi_Maandiko
Dada, ya 1990 imekufa kweli, lakini kikundi cha mtaa kama cha Mama hakikuwa chini ya hiyo wala hii. Vikundi vya kijamii vina sheria yao, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mama, cheti chenu si kimetoka Maendeleo ya Jamii?

#24 MamaMukuru
Ndiyo, kimetoka huko.

#25 Fundi_Maandiko
Basi andiko linasema sheria moja na cheti mlichoambatisha kinasema nyingine. Mahali pengi mnatolewa kwenye ukaguzi wa stakabadhi, kabla jopo halijasoma hata mstari. Hayo ya "sauti" huenda ni adabu tu ya barua.

#26 Msomaji_wa_Jopo
Sikubali. Ukitolewa kwenye stakabadhi huandikiwi maoni kuhusu sauti. Mtu alilisoma hilo andiko.

#27 Mhasibu_Rongai
Ama mashine ililisoma. Nani amewaambia wafadhili hawatumii AI kupunguza rundo? Mashine inaandika, mashine inasoma, na Mama anangoja barua.

#28 Mtafiti_Maabara
Rundo lenyewe ndilo jibu kwa maoni yangu. Kwetu kwenye utafiti wa afya tunaomba sana NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani. Julai 2025 walitangaza kwamba kuanzia tarehe 25 Septemba hawatapokea maombi ambayo sehemu yake kubwa imetengenezwa na AI, na kwamba mtafiti mkuu hatazidisha maombi sita kwa mwaka. Walitoa mfano wa mtafiti mmoja aliyewasilisha zaidi ya 40 katika mzunguko mmoja. Kuandika kumekuwa rahisi, kila mtu anatuma, na nafasi ya kila mmoja inashuka hata kama pesa ingebaki pale pale. Mama mwenyewe amesema wanatuma mengi kuliko zamani. Jirani zake wanafanya hivyo hivyo.

Kuhusu kusema au kunyamaza: soma masharti ya kila mwito. Fomu za Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, zinaruhusu AI, ila zinataka uwe muwazi, na kila kosa ni lako. Hao NIH wamewakataza pia wahakiki wao kutumia AI kusoma maombi, tangu 2023. Kwa hivyo, Mhasibu, si kila mahali mashine inasoma.

#29 Mhasibu_Rongai
Kukatazwa na kuacha ni vitu viwili. Nenda kaangalie matatu zinapobebea watu Tom Mboya.

#30 Sauti_ya_Kliniki
Samahani naingilia kwa jambo jingine, lakini linanikera kuliko hayo yote. Mnaongea juu ya mtindo, na watu wanabandika kwenye ChatGPT orodha za walengwa. Nimeona kwa macho yangu jedwali la manusura wa ukatili wa kijinsia likimwagwa humo zima zima, majina, umri, mtaa, hali ya afya, ili mashine "itoe simulizi la kugusa moyo". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya na za familia kuwa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kunataka ridhaa ya mwenyewe pamoja na ulinzi unaofaa. Huyo mama alikuja kliniki kutibiwa. Hakuja kuwa aya ya pili ya andiko la mtu. Faini ni hadi milioni 5 au 1% ya mapato ya mwaka, yoyote iliyo kubwa.

#31 Kalamu_Kavu
Hoja nzito, ila ni iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Wengi huchanganya na sheria ya Ulaya, ambayo ndiyo inachukua iliyo kubwa.

#32 Sauti_ya_Kliniki
Asante. Hata ingekuwa shilingi kumi, msibandike.

#33 Mwalimu_Mstaafu
Na kumpa jina la bandia?

#34 Sauti_ya_Kliniki
Mwalimu, ukiandika "mwanamke wa miaka 34, muuza mboga, watoto wanne, nyuma ya kanisa fulani Kayole", jina la nini tena? Kasuku hapo anamjua tayari.

#35 Kasuku_Kayole
Nimenyamaza kabisa.

#36 Dada_Dandora
Niseme ninavyofanya siku hizi, tangu niachishwe kazi na kuanza kusaidia vikundi vya mtaani. Siiambii mashine iandike. Nakaa na kina mama, nawaomba ruhusa, narekodi kwa simu. Naandika mwenyewe yale waliyosema, kwa Kiswahili chao, bila majina. Baada ya hapo ndipo naipa mashine kazi mbili tu: igeuze Kiingereza, na ipunguze hadi herufi zinazotakiwa bila kuongeza kitu. Ikiongeza kivumishi nakifuta. Kwa maji, aya hutoka hivi:

"Siku bomba linatoa, mtungi wa lita 20 ni shilingi 5. Likikauka unafika 20. Mabomba ni ya plastiki na yanapita ndani ya mtaro wa majitaka, yakipasuka tunajua kwa harufu kabla ya kuambiwa. Anayeuza maji ndiye anayefunga mpira wa jirani. Tukiomba kioski, swali la kwanza si bei, ni nani atakilinda usiku."

#37 Msomaji_wa_Jopo
Hiyo napigia nne kwa tano bila kuuliza imeandikwa na nani. Sentensi ya mwisho ina hatari ya mradi, gharama ya ulinzi na siasa ya mtaa, zote pamoja.

#38 Fundi_Maandiko
Kwa mfadhili mdogo, sawa. Peleka hiyo kwa mfadhili mkubwa uone. Atauliza kiashiria kiko wapi, kaya ngapi, msingi wa kulinganisha ni upi, asilimia ngapi kufikia mwaka wa pili. Nne kwa tano ya Msomaji haitalipa mkaguzi wa hesabu.

#39 Msomaji_wa_Jopo
Viashiria huwekwa kwenye jedwali. Nani amesema viondolewe?

#40 Fundi_Maandiko
Herufi 1,500, bwana. Chagua.

#41 Bin_Kisauni
Dada, hiyo "harufu kabla ya kuambiwa" mashine ya Kiingereza iliigeuzaje?

#42 Dada_Dandora
Iliandika kwamba jamii ina "mifumo ya asili ya kutambua mapema uchafuzi". Nilifuta.

#43 Kasuku_Kayole
Mifumo ya asili ni pua!! 😂😂

#44 Mhasibu_Rongai
Tukimaliza kucheka: kurekodi, kuandika, kugeuza, kupunguza, nani analipa huo muda? Mama alikimbilia ChatGPT kwa sababu hana afisa wa maombi. Shirika la Lavington lina watu wanne wa kazi hiyo tu. Mnamwambia mwenye mikono miwili afanye kazi ya mikono minane ili aonekane wa asili.

#45 MamaMukuru
Mhasibu umenigusa. Katibu wetu ana duka, mimi nina kikundi na nyumba. Ila kurekodi tunaweza, mikutano ni ya kila mwezi na kelele haziishi. Na ile ya kulipia, ChatGPT ya dola 20 kwa mwezi, inaingia kwenye bajeti ya mradi ama tunaitoa mfukoni?

#46 Mhasibu_Rongai
Iweke kwenye gharama za ofisi. Usiifanye mstari wa peke yake wenye jina, utaulizwa maswali ya bure. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani zilizobaki, asiye na kiwango kilichokubaliwa anaruhusiwa tangu Oktoba 2024 kudai gharama zisizo za moja kwa moja, kama hizo za ofisi, hadi 15% ya gharama za moja kwa moja zinazohesabiwa. Ukiuliza mashine itakuambia 10%, hicho ni kiwango cha zamani. Na weka risiti, hata ya dola 20.

#47 Kalamu_Kavu
Na wale waliokuandikia kuhusu "sauti", waombe karatasi ya alama za jopo. Wengine hutoa. Tukiona alama tutajua kama ni stakabadhi, namba au mtindo.

#48 Mhasibu_Rongai
Ama pesa.

#49 MamaMukuru
Nimewaandikia asubuhi hii, wakijibu nitaweka hapa. Kwa sasa nina mwito mwingine wa Ulaya unaofungwa Ijumaa, saa sita usiku za Brussels. Kwetu ni saa ngapi?

#50 Mtafiti_Maabara
Wakiwa kwenye saa za kiangazi ni saa saba usiku kwetu, majira ya baridi ni saa nane. Lakini fungua tena tangazo lenyewe. Miito mingi ya Tume ya Ulaya hufungwa saa kumi na moja jioni za huko, si usiku wa manane. Na mtandao wao wa kupakia huzidiwa saa za mwisho, kwa hivyo tuma Alhamisi.